Tangazo Juu ya Namba ya Qusai

Baridi ya kwanza iliingia Amman siku ya Jumanne, mwezi wa kumi na moja, na simu ya karakana yetu haikulia hata mara moja.

Kwa watu wa kazi yetu hilo ni jambo la kutisha. Baba hutengeneza soba, yale majiko ya gesi na ya mafuta ya taa ya kupashia vyumba joto. Watu wa mji huu huyafunika kwa shuka kuukuu mwezi wa nne, wakayasahau chumba cha nyuma. Baridi ya kwanza ikija, mji mzima huyatoa kwa pamoja, huyawasha, nayo hayawaki. Utambi umekauka. Buibui amejenga ndani ya tundu la gesi. Asubuhi yake simu hulia tangu alfajiri, na kazi za siku hiyo moja hutuweka kazini mpaka mwezi wa pili.

Mwaka huu baba alifungua mlango saa moja, akapanga bisibisi zake, akakaa. Saa nne alizipanga upya.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza na kompyuta yangu, nikisubiri majibu ya maombi ya kazi. Nilihitimu mwezi wa sita, shahada ya biashara na masoko. Katika picha za mahafali ninacheka. Huwa naziangalia picha hizo kwa mshangao kidogo, maana sikumbuki kucheka.

Kaka yangu Qusai alifariki mwezi wa nne. Alikuwa anarudi kutoka kwa mteja, barabara ya Zarqa, lori likamgonga. Siandiki zaidi kwa sababu sina zaidi. Watu waliniuliza kama nililia. Nilipika kahawa chungu ya msibani siku tatu, nikaosha vikombe, nikavipanga kwenye trei, nikavipeleka tena. Tangu hapo ninafanya mambo yote vizuri na kwa wakati, na hakuna linalonigusa. Chai nainywa ikiwa imepoa, na hugundua kwamba imepoa ikishafika mwisho.

Katika karakana, baba alikuwa mikono na Qusai alikuwa sauti. Namba iliyoandikwa juu ya mlango ilikuwa yake. Namba kwenye stika tulizobandika mgongoni mwa kila soba iliyopita hapa kwa miaka kumi na moja ilikuwa yake. Mtandaoni vilevile. Siku ya maziko simu yake haikunyamaza, maana wateja hawakujua, mpaka baba akaizima na kuitia kabatini nyumbani. Hakuna aliyesema isiwashwe tena. Haikuwashwa tu.

"Baba," nilisema Jumanne hiyo, "watu wanapiga namba isiyopokelewa. Ndiyo maana."

"Basi badilisha namba."

"Ya mlangoni nimeshabadilisha. Ya mtandaoni siwezi. Ukurasa ni wake, nywila alikuwa nayo mwenyewe."

Nilikuwa nimejaribu. Ukiandika "fundi soba Amman," chini ya ramani ulikuwapo ule ukurasa wetu wa bure: Baba Qusai wa Soba, Jabal Taj, nyota nne na nusu, maoni mia mbili na zaidi, na picha ya Qusai ameinua soba juu ya kichwa kama nahodha na kombe lake. Kila nilipotaka kubadilisha namba niliulizwa swali lilelile: tutume msimbo kwenye namba hii? Na namba hiyo ndiyo iliyokuwa kabatini. Ningeweza kufungua ukurasa mpya, lakini ukurasa mpya usio na nyota hukaa chini kabisa, mahali ambapo hata mwenyewe hushuki kujitafuta.

"Lakini tunaweza kulipia tangazo," nikasema. "Mtu akitafuta, sisi tunakuwa wa kwanza. Juu ya ramani, juu ya mafundi wote, na namba yangu."

"Unalipa kwa mwezi?"

"Kwa kila anayebonyeza."

"Akibonyeza halafu asije?"

"Unalipa."

"Akibonyeza kwa bahati mbaya, kidole kimeteleza?"

"Unalipa, baba."

Alifikiri. "Yaani kila anayechungulia dirishani namtolea dinari mfukoni kwangu."

"Nusu dinari. Wakati mwingine robo."

"Ah, robo. Basi mwambie achungulie vizuri."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi baba kusema kitu kinachofanana na mzaha, nami nilikichukua kama ruhusa. Nilijua pia kilichokuwa nyuma ya mzaha huo. Binamu wa mama alikuwa amemtafutia baba kazi ya ulinzi kwenye jengo moja la ghorofa huko Abdoun. Baba alikuwa amejibu kwamba atasubiri mpaka Arobaini iishe, zile siku arobaini za baridi kali zinazoanza mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Zikipita bila kazi, atamrudishia Haji Mamduh, mwenye nyumba, chumba chake cha karakana na kwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki, kuwafungulia watu geti. Mtu aliyewasha mioto ya nusu ya Amman ya mashariki kwa miaka thelathini na mitano. Sikutaka kuliona hilo. Hilo moja nililihisi, kama mtu anavyohisi kidole kimoja katika mkono uliokufa ganzi.

Niliandika tangazo: "Fundi soba, Jabal Taj. Miaka 35. Hatukuuzii usichohitaji."

"Weka 'bei nafuu,'" baba alisema.

"Bei yetu ni ya kawaida."

"Na wengine wote walioandika bei nafuu, unadhani ni nafuu?"

"Ndiyo maana sisi tuseme kweli."

Alinitazama kama anavyoitazama soba isiyofaa tena kutengenezwa ambayo mwenyewe anaipenda. Kisha akaniambia niandike nipendavyo. Pesa zilikuwa zangu, zile nilizotunzwa na ukoo siku ya mahafali, na nilizigawa kwa siku. Zikiisha za siku moja, tangazo hujificha mpaka kesho.

Nilikuwa naamini, na bado naamini, kwamba kazi nzuri ikijulikana watu huifuata. Siku ya kwanza tangazo lilipotokea nilipiga picha ya skrini na kuituma kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, watu sitini na wanne, kutoka Amman hadi Kuwait. Niliandika: "Tazameni. Karakana ya Baba Qusai ni ya kwanza Amman nzima!" Zilikuja dua, maua, mioyo. Wiki hiyo tangazo lilibonyezwa kwa wingi uliopita matumaini yangu yote. Kila asubuhi nilipofungua kompyuta, pesa za siku zilikuwa zimekwisha kabla ya saa mbili.

"Watu wanatutafuta kweli," nilimwambia baba.

"Mbona hawapigi?"

"Wanalinganisha kwanza. Watapiga."

Waliopiga walikuwa watatu kwa wiki nzima. Mmoja alitaka kutuuzia bima.

Ijumaa shangazi Fathiya, dada mkubwa wa baba, alikuja na sinia la maqluba, wali wa kupinduliwa. Alikaa, akavua koti, akavaa tena kwa sababu karakana ya soba ilikuwa baridi, maana baba alikuwa anabana gesi. Kisha akanigeukia kwa fahari ya mtu aliyefanya jambo kimyakimya na sasa anataka lijulikane.

"Haya, niambie. Tumepanda?"

"Tumepanda wapi, shangazi?"

"Si huko juu! Mimi kila siku nikishaswali Alfajiri naandika jina la kaka yangu, naingia, natoka. Naingia, natoka. Mara tatu kwa baraka. Na binti yangu Huda naye, na mumewe Abdul-Muhsin, na wa Kuwait wote. Abdul-Muhsin anabonyeza akiwa kazini, anasema hata bosi wake kabonyeza."



"Kila siku?" nikauliza.

"Kwani wajibu una likizo? Mtu akifungua duka si tunakwenda wote, tunakaa, tunakunywa chai, barabara ione duka lina watu? Sasa duka liko kwenye simu, tufanyeje? Tunaingia kwenye simu!"

Baba aliweka kijiko chini. "Fathiya, kila mkiingia binti analipa."

"Analipa nini?"

"Nusu dinari. Kwa kila mlango mnaoingia na kutoka."

Shangazi alinitazama, akamtazama baba, akarudi kwangu, akingoja mmoja wetu acheke. "Pesa za mahafali? Zile nilizokutunza mimi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Yaani nimekupa kwa mkono huu, nikakunyang'anya kwa kidole?" Alikitazama kidole chenyewe. "Na wewe kwa nini hukusema, Sundus? Umesoma miaka minne, umeshindwa kutuandikia mstari mmoja, 'msibonyeze'?"

Kosa lilikuwa langu, naye alikuwa na haki. Jioni niliandika kwenye kundi kwa adabu zote nilizofunzwa kwamba nawashukuru na naomba waache. Wawili walinuna. Mmoja aliandika kwamba walipokuja msibani hakuna aliyewahesabia vikombe vya kahawa. Nilisoma maneno hayo mara mbili, nikiyasubiri yaniume. Hayakuuma. Nikajibu, "Mungu awalipe kheri," na nikafunga simu.

Tangu hapo tangazo lilikaa juu kuanzia asubuhi hadi jioni, na waliobonyeza walikuwa wageni wa kweli. Simu yangu ikaanza kulia. Nilifungua daftari na kila aliyepiga nilimwuliza ametupata wapi, kama tulivyofundishwa.

"Nyinyi mko Jabal Taj? Uuh, mbali. Mimi niko Khalda. Nilidhani mko hapa karibu."

"Bei gani kusafisha? Haya, nitakupigia." Huyu hakupiga.

"Dada, mnauza soba mpya? Hamuuzi? Sasa mnafanya nini?"

Kijana mmoja alisema amebonyeza wa kwanza mpaka wa tano na atamchukua atakayefika mapema. Baba alipanda teksi na mkoba wake mpaka kwake Tabarbour. Alipofika, fundi mwingine alikuwa tayari amepiga magoti sebuleni. Baba alirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Hakulalamika. Alikaa, akaloweka kipande cha mkate kwenye mafuta ya zeituni na viungo vya zaatar, akanipa nusu.

Mwezi wa kumi na mbili ukaenda hivyo. Arobaini ikaanza, na mvua ya barafu siku ya tatu yake. Kazi mbili, tatu kwa wiki. Nilikuwa juu kabisa ya Amman yote na karakana ilikuwa tupu.

Siku hiyo ya barafu, teksi ilisimama mlangoni na akashuka mama mmoja mnene aliyefungwa shali mbili. Dereva alikuwa nyuma yake amekumbatia soba ya gesi, akitembea kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa mtu. Nilimtambua: Mama Seif wa Ashrafiyya, mteja wetu tangu nikiwa darasa la tano.

"Kumbe mpo!" alisema kwa sauti. "Wallahi nilidhani mmehama. Baba Qusai, hujambo? Umekonda! Weka hapo mwanangu, polepole, hiyo ina umri kukuzidi." Dereva akaiweka, akaondoka akijishika kiuno. "Wiki mbili napiga simu ya Qusai, imezimwa. Nikipiga asubuhi, imezimwa. Usiku, imezimwa. Leo nimesema potelea mbali, kama wamefunga nitamwachia soba hata mwenye duka la jirani. Yuko wapi yule mtoto? Amekwenda Ghuba kama wenzake?"

Baba aliinama kwenye soba na kuanza kufungua mfuniko wa nyuma. Stika yetu ilikuwa pale, na namba yenyewe, imefifia lakini inasomeka. Alifungua skrubu ya kwanza. Alifungua ya pili.

"Hayupo," nilisema mimi.

"Mwambie basi afungue simu hata kama yuko Dubai. Watu wana baridi."

Nilimpa kiti. Nilimpa chai ya majani ya maramia. Kisha nikamwuliza, kwa sababu nilihitaji kulijua, "Mama Seif, hukuona tangazo letu? Liko juu kabisa. Lina namba yangu."

"Nimeliona. Lile lenye 'hatukuuzii usichohitaji'? Kumbe ni nyinyi!" Alicheka mpaka shali ikateleza. "Yale ya juu, binti yangu, mimi nayaruka. Aliyeko juu amelipia kuwa juu, na aliyelipia atataka kurudisha chake. Kwa nani? Kwangu. Mwaka juzi nilimwita mmoja wa juu kwa mashine ya kufulia. Alinitoza dinari ishirini na akaondoka na skrubu zangu. Mimi nateremka mpaka nione uso ninaoujua. Nikamwona Qusai na soba yake kichwani. Nikapiga."

"Na ilipokuwa imezimwa, hukurudi juu?"

"Kwa nini nirudi? Nilimsubiri yeye."

Baba alitoa buibui mkavu kwenye tundu la gesi kwa ncha ya waya, akampuliza. Soba iliwaka mara ya kwanza. Mama Seif alilipa, akatuombea dua, akaenda zake, bado hajui.

Alipoondoka nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mwezi wa nne. Niliandika jina letu, nikaliruka tangazo langu mwenyewe, nikateremka mpaka kwenye uso wa kaka yangu, na sikuondoa macho. Nikafungua maoni mapya.

"Simu imezimwa tangu Jumapili. Anayejua walikohamia aniambie."

"Fundi bora Amman lakini hapokei. Ndugu Qusai, ukisoma hapa, ni soba ya mama mkwe, ile ya bluu, unaijua."

"Nyota tatu kwa sababu hampokei simu. Mkipokea nitarudisha tano."

"Kuna mtu ana habari za Qusai? Si kawaida yake."

Yalikuwa kumi na tisa. Watu kumi na tisa walioandika. Waliopiga na wasiandike, nani ajuaye. Wateja wetu hawakuwa wametuacha. Walikuwa wamesimama mlangoni, wanagonga, na mimi nilikuwa nimetumia pesa zangu zote kujenga mlango mwingine juu yake kwa ajili ya watu wasiotujua. Na nilijua kwa nini. Mistari miwili ya tangazo ilitosha kuifunika picha ile kwenye simu yangu. Nilipofungua matokeo kila asubuhi, niliona maneno yangu, nilifurahi kwamba tuko juu, na sikuhitaji kuteremka. Nililipia nisione.

Nilimweleza baba. Sikumsomea yote, nilimsomea ile ya soba ya bluu. Alikuwa anapangusa mikono kwa kitambaa, na aliendelea kuipangusa ilipokwisha kuwa safi.

"Ongeza pesa," alisema. "Tukae juu zaidi."

"Hakuna juu zaidi, baba. Tuko juu kabisa."

"Basi andika jina langu kubwa."

"Baba, wanaturuka. Wanamtafuta yeye."

Alivaa koti lake. "Twende tukale," alisema, ingawa ilikuwa bado saa nane, na karakana hatuifungi kabla ya magharibi.

Nyumbani mama alikuwa amepika dengu na kukata vitunguu. Tulikula tukiangalia sahani. Baba ndiye aliyelisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mkate: Sundus anasema wateja wanapiga namba ile. Lakini namba yenyewe itakuwa imeshakufa. Miezi minane bila salio, kampuni ya simu huikata.

"Haijakufa," alisema mama.

Baba alimtazama.

"Naiwekea salio kila tarehe moja. Kwa Yanal, dukani kwake." Alijaza bakuli la baba dengu ambalo hakuwa ameomba. "Nilisikia wakiikata wanampa mtu mwingine. Nikasema, basi mtu huyo atapigiwa, atasema 'haloo' kama ni yake. Sikuweza."

"Na simu yenyewe?"

"Simu sijaigusa. Ipo pale ulipoiweka."

Hakuna aliyelia. Nasema hivyo kwa sababu nikisimulia watu huniuliza. Mama aliinuka, akafungua kabati, akaileta simu ikiwa imefungwa kwenye leso, na kuiweka kwenye chaji karibu na mfuko wa mkate. Tukamaliza kula.

Asubuhi yake baba aliiwasha karakanani, juu ya meza ya chuma. Hatukuwa na namba ya siri ya kuifungulia, lakini kupokea simu hakuhitaji. Ilitulia kidogo. Kisha ujumbe wa miezi minane ukaanza kuingia, na simu ikatetemeka mfululizo, ikisogea yenyewe juu ya chuma kuelekea ukingoni. Baba aliizuia kwa kidole kimoja, kama anavyozuia skrubu isidondoke, na alikiacha kidole pale mpaka ilipotulia.

"Sasa msimbo utafika," nilimwambia. "Naweza kubadilisha namba leo. Tuweke yangu."

"Na wanaosoma stika?"

"Hao wataendelea kupiga hii."

"Basi waache wote wapige hii."

Nilifungua kompyuta na kusimamisha tangazo. Ni kitufe kimoja. Niliulizwa sababu, na kulikuwa na orodha ya kuchagua: ghali mno, halileti wateja, nimefunga biashara. Nilichagua "nyingine." Chini yake palikuwa na nafasi ya kueleza, nikaiacha tupu.

Simu ya Qusai ilipolia, kabla ya saa tatu, tuliiangalia. Ililia mara nne. Baba aliichukua kwa mikono miwili.

"Haloo."

Sauti ya mwanamke ilisikika mpaka nilipokaa. "Qusai! Hatimaye! Wewe mtoto, uko wapi, tumeganda huku!"

Baba alifumba macho, akayafumbua. "Mimi ni baba yake. Qusai alifariki mwezi wa nne."

Mwanamke alisema yale yasemwayo, na baba alijibu yale yajibiwayo, Mungu awarehemu wafu wenu pia. Kisha baba akavuta daftari langu karibu.

"Soba yako ina nini?" aliuliza.

"Ah, si kitu, Baba Qusai, si wakati wake."

"Ni wakati wake. Moto ni wa njano au wa buluu?"

"Wa njano."

"Unatoa masizi?"

"Ukutani kote."

"Iondoe chumbani kwa watoto. Nakuja."

Siku hiyo alilisema hilo la Qusai mara kumi na mbili. Mimi nilihesabu kwa vijiti pembezoni mwa daftari, sijui kwa nini. Mara ya kwanza sauti yake ilishuka. Mara ya tano aliisema sentensi yote bila kupumua. Mara ya tisa aliisema kama anavyotaja anwani, kushoto baada ya tanuri la mikate. Wengine walilia yeye akiwasubiri wamalize, kichwa kimeinama, kidole kikisugua doa mezani. Mzee mmoja alituma mjukuu wake na nusu kilo ya kahawa. Yule wa soba ya bluu alikuja nayo mwenyewe, pamoja na mama mkwe wake. Kufikia adhuhuri soba zilikuwa zimepangwa mpaka barabarani, na Haji Mamduh, aliyepita kutoka msikitini, alilazimika kupenya kwa ubavu.

"Kuna nini hapa, Baba Qusai, mnagawa bure?"

"Kaa mbali, Haji, utachafua kanzu."

Sijui kama itatosha. Arobaini ilikuwa imebaki siku thelathini na kitu, na siku moja nzuri si majira. Wapo watakaopiga mara moja, watoe pole, na wasione vyema kuulizia bei tena. Nilifikiri pia kwamba lile tangazo huenda lilikuwa halina kosa. Huenda fundi mgeni mjini, asiye na uso wala stika, lingemfaa. Nililifikiri hilo nikiwa nimeshika tochi na kumulika ndani ya soba ya mtu, mikono ya baba ikiwa ndani hadi viwikoni, myeusi kwa masizi.

Simu ikalia.

Baba alitoa mikono, akaitazama, akanitazama. Hakuwa na pa kuipangusia.

Niliweka tochi chini, nikapokea.

"Ndugu Qusai?" Alikuwa mwanamume, si kijana, mwenye haraka. Nyuma yake mtoto alikuwa anakohoa.

Nilifungua mdomo kusema hayupo. Ndilo neno nililokuwa nalitumia. Nilikuwa nimelitumia dukani, chuoni, kwenye fomu za maombi ya kazi palipoulizwa idadi ya ndugu.

"Kaka yangu amefariki," nilisema. Sauti ilitoka ya kawaida. Nilisubiri kitu kitokee, kifuani au machoni, na baba pia alikuwa anasubiri, mikono yake miwili ameiinua hewani mbali na nguo. "Alifariki mwezi wa nne. Mimi ni dada yake, Sundus. Baba bado anatengeneza."

Yule mtu alivuta pumzi. "Inna lillahi. Mungu amrehemu. Alikuja kwetu mwaka jana, alikunywa chai hapa." Mtoto alikohoa tena. "Samahani, dada. Samahani sana. Sasa… mnaweza kuja kesho?"

Nilimwangalia baba. Alitikisa kichwa kukataa na kunyoosha kidole cheusi kuelekea chini: leo, sasa hivi.

"Leo," nilisema. "Nipe anwani."

Nikavuta daftari. Herufi zilienda upande chini ya kalamu yangu, lakini zilisomeka.